Usiunguze mbolea yako: kulisha udongo wa Lualaba kwa takataka safi



Mwezi wa munane umefika. Ukisimama pahali pa juu kando ya Kolwezi saa za jioni, utaona moshi kila upande. Ni mashamba yanaunguzwa. Na katika mikutano yetu ile swali ya kila mwaka imeanza tena: franga ya angre itatoka wapi?

Watu wengi wanafikiria kama moshi na franga ya angre ni mambo mawili mbalimbali. Hapana. Kile kinachopanda juu pamoja na moshi mwezi wa munane, njo kile tunachoenda kununua katika mufuko mwezi wa kumi. Katika somo hili tutaona namna ya kukibakisha chini, kukigeuza kuwa chakula cha udongo, na kukirudisha shambani mbele mvua haijakolea. Tutaona pia jambo moja ambalo vitabu vya kilimo vya inchi zingine havisemi sana, lakini sisi wa inchi ya shaba tunapaswa kulijua: si kila takataka inafaa kuingia shambani.

1. UDONGO WETU NI WA NAMNA GANI

Udongo mwekundu wa sehemu kubwa ya Lualaba, wenye kuusoma wanauita ferralsoli. Ni udongo muzee sana. Mvua imeuosha miaka na miaka, ikapeleka chini karibu vyakula vyote vya mimea, na kuacha chuma na aluminiamu. Njo sababu ni mwekundu, na njo sababu una asidi. Ile chuma na aluminiamu inashika fosfori kwa nguvu, na muzizi wa mahindi haiwezi kuichukua.

Kwetu karibu mvua yote ya mwaka inaanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu, inaanguka kwa nguvu. Udongo wetu hauna nguvu nyingi ya kushika chakula wenyewe. Kinachosaidia kushika ni mboji, ni kusema ile sehemu nyeusi inayotokana na majani na mavi ya nyama yaliyooza. Kama mboji imeisha, kutia angre ni kama kutia maji katika kikapu. Mufuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za azoti. Katika shamba lisilo na mboji, mvua kubwa mbili au tatu zinaweza kushusha sehemu kubwa ya ile azoti chini kuliko mizizi. Umelipa kilo 23, mahindi hayakuzikula zote. Tena yurea ikitiwa mwaka kwa mwaka bila kitu kingine, inaongeza asidi.

Mujaribu hivi katika mukutano wa koperative. Mutu mumoja alete bonge la udongo mukavu kutoka chini ya miti ya pori ambapo hapajalimwa. Mwingine alete bonge la ukubwa uleule kutoka shamba lililochoka. Mutie kila moja polepole katika glasi ya maji safi, na musitikise. Mungojee dakika kumi. Kwa kawaida lile la pori linabaki limeshikana kwa muda murefu, na lile la shamba linavunjika na kuwa matope chini ya glasi. Hivyo njo inafanyika shambani kwako mvua ya kwanza ikinyesha: udongo unavunjika, unaziba, maji yanakimbia juu badala ya kuingia.

2. MOSHI UNABEBA NINI

Wazee wetu waliunguza, na walikuwa na sababu. Majivu yanapunguza asidi, yanaleta potasi, kalisi na fosfori kidogo, na mahindi ya mwaka wa kwanza yanapendeza. Lakini wazee walikuwa wanahama. Shamba likichoka, waliliacha lipumuzike miaka mingi mpaka miti inarudi. Leo tutahamia wapi? Upande huu ni konsesioni ya mugodi, upande huu muji unakuja, na miti ya karibu imeisha kuwa makala. Tunaunguza kama wazee, lakini hatuhami kama wazee.

Tufanye hesabu. Hekta moja iliyotoa tani mbili za mahindi inabakisha tani mbili mpaka tatu za mabua na majani makavu. Ndani yake kuko kadiri ya kilo 12 mpaka 20 za azoti. Ni karibu na azoti ya mufuko mumoja wa yurea. Ukiwasha kiberiti, sehemu kubwa ya ile azoti inaenda hewani saa ileile. Majivu yanayobaki, upepo wa mwezi wa tisa unayapeleka, na mvua ya kwanza inaosha mengine.

Tena kila mufuko wa kilo 100 wa mahindi tunaouzisha Kolwezi unatoka shambani na kadiri ya kilo moja na nusu ya azoti ndani ya mbegu. Hiyo hatuwezi kuikataza, juu tunalima ili tuuzishe na tule bukari. Lakini mutu anayetoa kila mwaka bila kurudisha, siku moja atakuta gala ni tupu.

Tunajua kama moto mwingine si wa mwenye shamba. Ni wa vijana wanaotafuta panya, ao ni wa jirani ambao umeruka barabara. Mulimaji mumoja peke yake hawezi kuuzuia. Koperative inaweza: mufyeke njia ya metri tano kuzunguka mashamba, na mupatane na mukubwa wa kijiji siku gani na upande gani moto unakubaliwa.

3. TAKATAKA SAFI NA TAKATAKA CHAFU

Hapa tutakaa kidogo, juu ni jambo la kwetu kabisa. Hata jina Mashamba, ukilitaja hapa Kolwezi, watu wengi wanafikiria kwanza karyeri kuliko mahindi.

Jani likioza linakuwa chakula. Shaba haiozi. Kobalti haiozi. Ukitia katika kompositi majani yenye vumbi ya mugodi, majani yataisha na kuwa madogo, lakini ile vumbi itabaki yote, na itakuwa imekusanyika katika kitu kidogo zaidi. Kisha unaipeleka wewe mwenyewe katika lengalenga ya watoto wako.

Si maneno ya kutisha watu bure. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi walioufanya Kasulo, ile kartie ya Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti mingi katika vumbi ya nyumba, na katika mukojo na damu ya wakaaji, zaidi sana watoto, kuliko kwa watu wa kartie ambayo haikuchimbwa. Kama vumbi inaingia katika mwili kwa njia ya nyumba, tusiifungulie njia nyingine kwa sahani.

Vitu vinavyofaa kuingia katika rundo:
- mabua ya mahindi, maganda ya kalanga, majani ya maharagi, ya soya na ya kunde
- nyasi na majani ya pori mbali na barabara na migodi
- maganda ya mihogo, ya ndizi na ya viazi, na mabaki ya sombe na matembele
- machicha ya munkoyo na mabaki mengine ya jikoni yasiyo na mafuta mengi
- mavi ya mbuzi, ya kuku, ya bata, ya ng'ombe na ya sungura
- majivu ya kuni na ya makala, kidogo tu

Vitu visivyofaa, hata kama vinaonekana vizuri:
- nyasi za kando ya barabara kubwa ambamo malori ya mine yanapita kila siku
- nyasi na udongo wa karibu na mabwawa ya taka za migodi, viwanda vya kusafisha shaba, depo za madini na pahali wachimbaji wanaosha mawe
- matope ya mito inayopokea maji ya hizo pahali
- majivu ya mbao zilizopakwa rangi, ya pneu ao ya plastiki
- takataka za muji ambazo hazijachaguliwa: ndani kuko mabatri ya radio, vipande vya simu, vyupa na mifuko ya plastiki

Muangalie pia chombo. Mufuko uliobeba mawe ya kobalti ao dawa za kiwanda usibebe mavi ya kuku, wala mbegu, wala bunga, hata ukiuosha mara ngapi. Tumia mifuko ya mahindi.

Na kuko alama ambayo asili yenyewe imetuwekea. Katika vilima vya kwetu kuko pahali ambapo miti haikubali kuota, kunakuwa nyasi fupi tu na ile mimea midogo inayoitwa maua ya shaba. Wanaotafuta madini wanaijua tangu zamani. Kwa mulimaji inasema kinyume: hapa usichote udongo, usikate majani ya kompositi.

Kama shamba lako liko karibu na mugodi, je, mboji inaweza kusaidia? Ndiyo, lakini kwa kipimo. Mboji inashika shaba, na kupunguza asidi kunafanya mumea uchukue madini kidogo. Lakini haiyaondoi. Mboga za majani zinapata madini na vumbi mingi kuliko mbegu ya mahindi. Kwa hiyo katika shamba la karibu na vumbi, panda mahindi, na bustani ya mboga uipeleke pahali pengine. Mboga zote zioshwe kwa maji mengi safi.

4. KUTENGENEZA RUNDO

Tukianza wiki hii, kompositi itakuwa tayari mwezi wa kumi na moja, wakati wa kupanda. Tukingojea mwezi wa kumi, tumechelewa.

Katika kiangazi kikubwa tunachimba shimo, ili maji yasikauke. Katika musimu wa mvua tunafanya rundo juu ya udongo, ili maji yasisimame ndani. Sasa ni kiangazi, basi chimba.

Pahali: chini ya kivuli, karibu na kisima, na karibu na shamba. Kompositi ni nzito. Mutu aliyeifanya mbali hataibeba.

Kipimo: metri 1 na nusu kwa metri 1 na nusu. Kuenda chini, sentimetri 60. Kisha rundo lipande sentimetri 60 juu ya udongo. Jumla ni metri 1 na sentimetri 20. Chini ya kipimo hiki halitapata moto wa kutosha.

Hatua ya 1. Chini kabisa weka mabua manene, sentimetri 20, ili hewa ipite.

Hatua ya 2. Simamisha muti katikati ya shimo. Kisha utautoa, na tundu lake litakuwa njia ya hewa.

Hatua ya 3. Weka vitu vikavu, mabua na majani, sentimetri 15 mpaka 20. Vikatwe vipande vya urefu wa mukono, kuliko hapo vinachelewa kuoza.

Hatua ya 4. Weka vitu vibichi, majani na maganda, sentimetri 7 mpaka 10.

Hatua ya 5. Weka mavi ya nyama, sentimetri 5. Kama ni ya kuku, sentimetri 2 zinatosha, juu yana nguvu.

Hatua ya 6. Tupa beshi moja ya udongo muzuri wa juu kutoka chini ya miti. Ndani yake kuko vidudu vidogo sana visivyoonekana, njo wafanyakazi wetu. Udongo wa kichuguu unafaa pia: wachunguzi wa Lubumbashi wamepima vile vichuguu vikubwa vya Katanga ya Juu na kuona kama havina asidi sana na vina kalisi nyingi kuliko udongo wa pembeni. Wazee waliopanda mboga juu ya kichuguu walijua.

Hatua ya 7. Tia maji. Kisha rudilia hatua ya 3 mpaka ya 7, hadi rundo lijae. Funika na nyasi, majani ya ndizi ao bashi.

Maji njo kazi nguvu. Rundo moja la kipimo hiki linaomba bidoni 15 mpaka 20 za litre 20 siku ya kulijenga. Maji ya kuosha mboga na mihogo yanasaidia. Maji yenye sabuni mingi, acha. Kujua kama maji yanatosha, kamata fungu moja katika mukono na ufinye: matone mawili matatu yanatoka kati ya vidole, ni vizuri. Kama hakuna tone, ongeza. Kama yanachuruzika, ongeza vitu vikavu.

Kipimo cha moto ni fimbo. Ingiza fimbo mubichi mpaka ndani, na uitoe kisha siku tano. Ikiwa moto mpaka hauwezi kuishikilia, rundo linafanya kazi. Moto wa digri 55 na zaidi unaua mbegu nyingi za magugu na magonjwa mengi. Ikiwa baridi na kavu, hakuna maji. Ikiwa baridi na yenye harufu ya kuoza, hakuna hewa: geuza.

Geuza rundo kisha wiki mbili, kisha tena kila wiki tatu. Vilivyokuwa pembeni viingie ndani, vya ndani vitoke pembeni. Ongeza bidoni tatu ao nne za maji kila mara. Kisha wiki 10 mpaka 12 kompositi ni nyeusi, ina harufu ya udongo wa pori kisha mvua, na hautajua tena kama hiki kilikuwa jani ao ganda. Mvua ikianza, usiache shimo wazi. Toa kompositi na uifunike pahali pakavu, juu mvua inaosha chakula chake.

5. INATOSHA KADIRI GANI?

Tuchukue robo ya hekta, ni kusema metri 50 kwa metri 50. Ukipanda mahindi sentimetri 75 kati ya mistari na sentimetri 50 kati ya matundu, mbegu mbili kwa tundu, unapata matundu kadiri ya 6,600. Kila tundu linapokea gramu 300 hivi, ni kusema mikono miwili iliyounganishwa ikiwa imejaa. Jumla: kadiri ya kilo 2,000.

Rundo moja la kipimo chetu linashuka mpaka nusu, na linatoa kadiri ya kilo 700. Basi robo ya hekta inaomba marundo matatu. Kwa hekta nzima ni kumi na mawili. Familia moja haitaweza mwaka wa kwanza. Anza na robo. Usitawanye kompositi kidogo juu ya shamba kubwa: itie ndani ya tundu, changanya na udongo, weka udongo kidogo juu, kisha mbegu.

Majivu ya jikoni yasichanganywe na mavi mabichi wala na yurea, juu yanafukuza azoti hewani, utasikia harufu yake kali puani. Tupa majivu peke yake shambani, mukono mumoja kwa kila metri moja ya muraba, wiki mbili mbele ya kupanda.

Kwa bustani kuko rafiki mwingine: tithonia, ile alizeti ya pori yenye maua ya njano na majani machungu inayoota kando ya viwanja. Magharibi mwa Kenya wachunguzi waliisoma sana tangu miaka ya 1990, na wakakuta kama majani yake yakikauka yana azoti kadiri ya 3 na nusu kwa mia, na potasi 4 kwa mia. Kwetu pia, Fakulte ya Agronomia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ilichapisha mwaka 2013 majaribio ya majani yake kwa soya katika ferralsoli. Kata majani na matawi mororo, kilo 2 mpaka 3 kwa metri moja ya muraba, yafukie mabichi wiki mbili mbele ya kupanda. Kwa hekta ya mahindi ni kazi nyingi mno. Kwa kitanda cha mboga ni kazi ya asubuhi moja.

Na musisahau kalanga, soya na kunde. Hizi zinakamata azoti ya hewa bure. Pahali palipokuwa na mahindi mwaka huu, mwaka kesho weka kalanga, na kisha kuvuna rudisha majani yake shambani.

6. USIACHE ANGRE YOTE KWA SIKU MOJA

Hapa tuseme kweli. Kompositi si yurea nyeusi. Zile kilo 2,000 zina azoti kadiri ya kilo 14 jumla, lakini mwaka wa kwanza mahindi yanapata sehemu ndogo tu. Inayobaki inafunguka polepole miaka inayofuata. Njo faida yake: inabaki. Na njo hatari yake kwa mutu mwenye haraka: shamba lililochoka, likikatiwa angre yote mwaka mumoja, linaweza kukuachia gala nusu.

Inchi nzima ilijifunza hilo. Katika mwaka 2021, mwezi wa ine, serikali ya Sri Lanka ilitangaza kukataza kuingiza angre za kiwanda, walimaji wageuke kwa mara moja kuwa wa mbolea ya asili tu. Mbolea ya asili haikuwa imetayarishwa ya kutosha. Mavuno ya muchele yakaanguka, chai pia, na mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule serikali ilirudi nyuma. Kosa halikuwa kupenda mbolea ya asili. Kosa lilikuwa kutaka udongo ubadilike kwa tangazo.

Sisi tutafanya kwa mizani. Kila mwanamemba apime katika shamba lake vipande vitatu vya metri 10 kwa metri 10, vyenye mbegu moja na siku moja ya kupanda:
- kipande A: namna ulivyozoea
- kipande B: kompositi, pamoja na nusu ya angre uliyozoea
- kipande C: kompositi peke yake

Wakati wa mavuno, kila kipande kipimwe peke yake, mahindi yakiwa makavu. Andika kilo. Andika pia franga ya angre na siku za kazi ulizotumia. Kisha linganisha: kipande gani kilikuachia faida, si tu kipande gani kilikuwa na kilo nyingi. Kama B inakaribia A, mwaka unaofuata tia nusu ya angre shamba zima lenye kompositi. Mwaka wa tatu punguza tena. Mizani yako njo itakuambia mwendo, si maneno ya agronomu.

7. MASWALI TUNAYOULIZWA

«Sina nyama. Naweza kufanya kompositi?»
Ndiyo. Weka majani ya tithonia ao ya maharagi pahali pa mavi. Itachelewa wiki chache. Unaweza pia kupatana na mwenye kuku: yeye anakupa mavi, wewe unamupa pumba kisha mavuno.

«Je, vya choo vinaweza kuingia?»
Katika rundo hili, hapana. Mayai ya minyoo yanaweza kuishi zaidi ya mwaka, na magonjwa ya kuhara tunayajua. Ile inaomba choo cha namna yake na muda wake.

«Mabua yananiletea muchwa.»
Muchwa wanapenda vitu vikavu. Rundo lenye maji na moto hawalipendi. Wakija, ni alama kama maji yamepunguka.

«Siwezi kupata maji ya kutosha.»
Basi usifanye rundo sasa, lakini usiunguze. Lalisha mabua katikati ya mistari, panda kati yake, yataoza na mvua. Mahindi yanaweza kuonekana ya njano kidogo mwanzoni, juu vidudu vya kuozesha mabua vinakula azoti pia. Hapo tia kidogo mavi ya kuku ao yurea karibu na shina, mimea ikifika kwenye magoti.

8. KAZI YA MWEZI HUU

Katika mukutano unaokuja, kila koperative ikate shauri juu ya mambo matano:
1. Njia za moto zitafyekwa siku gani, na nani atasema na mukubwa wa kijiji?
2. Majani ya kompositi yatakatwa pahali gani, na pahali gani tunakataza kwa sababu ya vumbi ya migodi?
3. Nani ana nyama, na mavi yatagawanywa namna gani?
4. Tutajenga marundo kwa zamu, watu kumi rundo moja kwa siku, ao kila familia peke yake? Kwa bamama wajane na wazee, zamu njo njia.
5. Nani atashika mizani na daftari la vipande A, B na C?

Daftari zikifika kisha mavuno, tutachapisha hapa hesabu za kila koperative, zile zilizofaulu na zile zilizokataa, bila majina ya watu. Kila koperative itaona udongo wa wenzake umejibu namna gani.

Mufuko wa angre unategemea barabara, mupaka na bei ambayo hatuiamui sisi. Mabua ya mahindi tayari yako shambani. Leo jioni, mbele ya kuwasha kiberiti, uyahesabu kwanza.